Mtu wa Nne wa Timu ya Yai

Mwezi uliopita mwanangu alirudi kutoka shule na karatasi ya kusaini. Timu yao inaingia kwenye mashindano ya ubunifu, na chini ya karatasi palikuwa na maneno ya herufi nzito: "Mimi mzazi nathibitisha kwamba sikutoa wazo wala sikugusa kazi ya mtoto wangu." Nikachukua kalamu. Nikaandika nusu ya jina langu, nikasita. Mwanangu akaniuliza, "Mama, si unasaini tu?" Nikamwambia aniachie mpaka asubuhi. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.

Wenzangu mliosoma shule ya msingi enzi za kwenda na fagio na kidumu cha maji kila asubuhi mtakumbuka kwamba sisi hatukuwa na karatasi za wazazi kusaini. Mzazi alionekana shuleni akiitwa, na akiitwa ujue mtoto wake ameharibu. Ndiyo maana mpaka leo sijui niliweke wapi lile la baba yangu, ambaye hakuitwa na mtu, akaja mwenyewe, akaendelea kuja.

Tulikuwa tukikaa Chuno, Mtwara mjini, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Wazazi wangu walitoka Tukuyu, na mama hakuchoka kulalamika kwamba ndizi za Mtwara haziivi vizuri na mvua yake haijui ratiba. Alikuwa nesi wa zahanati. Baba alikuwa fundi wa winchi katika kampuni moja iliyopakua mizigo bandarini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alirudi jioni amevaa ovaroli ya bluu yenye mabaka ya grisi, akanawa mikono kwa mchanga kisha kwa sabuni, akala, akasikiliza redio, akalala. Sikumbuki kama kabla ya muhula ule aliwahi kuniuliza niko darasa la ngapi. Nilikuwa la sita.

Muhula ulipoanza, Mwalimu Chilumba aliyetufundisha sayansi alitangaza mstarini kwamba kuna watu wameleta mashindano mapya, si ya mpira wala ya kwaya, ni ya kufikiri. Kila shule itoe timu ya watoto watatu. Kutakuwa na meza mbili, na kati yao nafasi ya hatua mbili kubwa. Nafasi hiyo ni mto. Yai bichi liko meza ya kwanza. Lifike meza ya pili bila mtoto kulishika, kwa chombo kilichotengenezwa na vitu vilivyotupwa, na wakati linavuka timu iigize kwa nini linavuka. Sheria ilikuwa moja, na Mwalimu aliisoma mara mbili: mtu mzima asitoe wazo na asiguse.

Tukachaguliwa mimi, Issa na Somoe. Issa alijua kuunda magari ya waya. Somoe alitoka kijiji kimoja upande wa Mnazi Bay na aliletwa mjini kwa shangazi yake ili asome. Alisema "ntu" pale sisi tuliposema "mtu", na alijua kuigiza kuliko shule nzima. Mimi nadhani nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mwalimu Chilumba alikuwa na shamba lake, kama walimu wengi wa kule, na korosho zikianza kuanguka hazimsubiri mwalimu. Alitupa ufunguo wa darasa la mwisho, akasema, "Anzeni, nitapita kuwaangalia." Hakupita. Wiki nzima ya kwanza tulichofanya ni kugombana na kuvunja mayai mawili ya shangazi yake Somoe.

Jumatatu ya wiki ya pili, saa nane mchana, tukasikia hodi. Baba alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli yake, mkononi ameshika hotipoti ambayo mama humfungia chakula cha kazini. Nilijua mtu mzima haji shuleni kwa heri.

"Mama anaumwa?" nikauliza.

"Mama mzima. Nimepita tu. Mnafanya nini hapa?"

Somoe alikuwa wa kwanza kupata akili. "Shikamoo, baba. Ntu mzima haruhusiwi kugusa."

"Marahaba. Sigusi," baba akasema, akatia mikono yote miwili mfukoni, akakaa kwenye dawati huku magoti yakimfika kifuani. Akatutazama tukifunga kamba kutoka meza hadi meza na kuning'iniza kopo la maziwa lenye jiwe, kwa kuwa mayai yalikuwa yamekwisha. Baada ya muda mrefu akauliza, "Kamba ikilegea katikati, kopo litakwenda wapi?"

"Litaingia mtoni," Issa akasema.

"Basi," akasema baba, na hilo ndilo neno lake la mwisho siku hiyo. Kabla ya kuondoka alifungua hotipoti, tukala wote wanne wali na maharage ya mama kwa kutumia kijiko kimoja.

Kesho yake akaja tena. Keshokutwa pia. Ilipofika Ijumaa sikuuliza tena. Nilikuwa nimeshapata jibu langu mwenyewe. Nilimwambia Issa kwamba bosi wa baba bandarini amempa ruhusa, kwa sababu mashindano haya ni ya watu wakubwa na lazima bandari nayo isaidie. Nilisema hivyo baba akisikia. Hakukubali wala hakukataa. Aliangalia kamba yetu kama aliyeona kasoro ndani yake.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilianza kuwa na baba wawili. Baba wa saa nane alizungumza. Alitusimulia siku ya kwanza alipopanda juu ya winchi akaogopa kushuka mpaka wenzake wakamletea uji huko huko juu. Alicheka, nikaona kwamba ana jino la nyuma lililong'oka, na nilikuwa sijui. Alimwita Somoe "mama mkurugenzi". Baba wa jioni alikuwa yule yule wa siku zote, wa kunawa, kula na redio. Nilikuwa nikimkazia macho wakati wa chakula, nikitafuta hata ishara ndogo kwamba yeye na mimi tulikuwa pamoja mchana. Hakuniangalia. Alikuwa ameniambia, "Subi, ya shuleni yabaki shuleni. Mama asijue kwamba ninakuja."

"Kwa sababu ya sheria?"

"Ndiyo," akasema. "Kwa sababu ya sheria."

Basi nikaitunza siri hiyo kwa nguvu zangu zote, maana niliona ni siri ya timu. Mama nilimwambia habari za mto na yai na Somoe, lakini baba sikumtaja.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila ilipokaribia saa kumi na nusu, baba alichukua kikopo cha grisi ya baiskeli ambacho Issa alileta ili kopo liteleze kwenye kamba, akachovya kidole, akajipaka kwenye kiwiko na kwenye goti la ovaroli. Issa akamuuliza, "Baba Subi, mbona unajichafua?"

"Fundi asiye na grisi watu hawamwamini," akasema.

Sisi tukaliamini neno hilo kama somo. Siku iliyofuata wote watatu tulijipaka grisi kwenye mashati ya shule. Nilichapwa na mama jioni hiyo. Alipomaliza kunichapa alilichukua shati akalinusa, akanusa tena, akauliza grisi hii imetoka wapi. Nikasema imetoka kwa Issa, ni ya baiskeli. Mama akaenda kwenye kamba ya nguo, akashika ovaroli ya baba, akasimama nayo pale kwa muda. Sikuelewa anachotafuta. Nikashukuru tu kwamba amesahau kuniongezea.

Asubuhi moja Mwalimu alinituma madukani Chikongola kununua chaki. Nikamkuta baba amekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, hotipoti katikati ya miguu, bahasha ya kaki mapajani.

"Baba, leo huendi bandarini?"

"Nimetumwa mjini," akasema. "Wahi darasani."

Nilinunua chaki, nikarudi kwa njia ile ile. Alikuwa bado pale pale, amekaa vile vile. Nikapita upande wa pili wa barabara asinione. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nadhani niliona aibu, lakini sikujua ni aibu ya nani.

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano chombo chetu kilikuwa bado hakifai. Kopo lilifika katikati ya mto likarudi lilikotoka. Issa alikuwa karibu kulia. Hapo ndipo mikono ya baba ilipotoka mfukoni. Alichukua koleo, akakata spoku ya baiskeli ikawa ekseli, akatengeneza pipa dogo la kuzungushia kamba kwa kopo la dawa ya mbu, na pembeni akapachika kijino cha bati kilichozuia pipa lisirudi nyuma. Alifanya kazi haraka, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Sikuwahi kumwona mtu akiwa na furaha ya namna ile bila kutabasamu.

"Baba," Somoe akasema taratibu, "unagusa."

Alishtuka kama aliyeamshwa. Akaweka koleo chini, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akalichukua tena. "Nimalizie hapa tu," akasema. Akamalizia pale, na kesho yake akamalizia pengine, mpaka winchi ikawa yake yote na sisi tukabaki na igizo.

Mashindano yalifanyika Jumamosi katika ukumbi wa chuo kimoja. Baba alimuaga mama kwamba anakwenda kazini, akaja kukaa mstari wa tatu, na ovaroli yake. Zilikuwapo shule sita. Sisi tulikuwa wa tano. Somoe aliigiza bibi anayempelekea yai mjukuu aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akaomba, akaubembeleza mto, akautukana kidogo, watu wakavunjika mbavu. Issa akazungusha winchi. Kopo likatembea juu ya kamba, kijino kikilia tik, tik, tik, na yai likatua meza ya pili zima kabisa. Ukumbi ulipiga makofi. Nikatazama mstari wa tatu. Baba alikuwa amekaa juu ya mikono yake.

Waamuzi walikuwa watatu. Aliyeuliza maswali alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani. Alikigusa kile kijino cha bati.

"Hiki kinafanya kazi gani?"

Issa akasema kinazuia.

"Kinazuiaje?"

Issa akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Somoe. Somoe, ambaye dakika mbili nyuma alikuwa bibi mwenye maneno mengi, akatazama miguu yake.

"Wanangu, mtoto anayesema kweli hapa haadhibiwi," akasema yule mama. "Nani amewasaidia?"

Nilihesabu moyoni. Kama nikisema uongo, ni dhambi. Kama nikisema kweli, tunatolewa. Lakini katikati ya hesabu hiyo kilinipanda kitu kingine ambacho sikukitegemea, nacho ni fahari. Nilitaka watu wote wajue kwamba alikuja.

"Baba yangu," nikasema, kwa sauti ya mstarini. "Anakuja kila siku saa nane, anakaa na sisi mpaka saa kumi na nusu."

"Kila siku? Baba yako anafanya kazi wapi?"

"Bandarini. Yeye ni fundi wa winchi. Wamempa ruhusa tangu mwanzo wa muhula."

Nyuma ya ukumbi watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha ghafla. Walikuwa majirani waliofanya kazi bandarini. Nikageuka kuangalia wanacheka nini, na mlangoni nikamwona mama. Alikuwa na sare yake nyeupe. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake aje anishangilie bila kunipa habari. Hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa akiangalia mgongo wa ovaroli ya bluu kwenye mstari wa tatu.

Baba akasimama. "Mheshimiwa," akamwambia mwamuzi, "watoto hawana kosa. Walinikataza. Mimi ndiye niliyegusa."

Yule mama wa miwani akamshukuru, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilimwona vizuri sana akiandika. Baba akageuka ili akae, ndipo naye akamwona mama. Alibaki amesimama mpaka shule ya sita ilipoingia.

Hatukupata nafasi yoyote. Tulirudi Chuno kwa miguu, mama mbele, baba nyuma, mimi katikati nimebeba winchi. Mama alikuwa akilia bila kutoa sauti, niliona mabega. Nikadhani anasikitika kwamba tumeshindwa, nikamkimbilia, nikamwambia, "Mama, usilie, mwakani tutashinda." Akanishika kichwa akanikandamiza kwenye sare yake, akaendelea kutembea hivyo hivyo, nami nikitembea upande upande kama kaa.

Nyumbani walizungumza chumbani. Pazia halizuii kitu.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu wiki shule zilipofunguliwa. Nimepunguzwa."

"Na ulikuwa unaamka, unavaa, nakufungia chakula."

"Nilikuwa natafuta. Nilitaka nikuambie nikiwa nimepata."

"Baba Subi, mimi ndiye ninayefua. Unadhani sijui grisi ya bandarini? Ile ilikuwa ya baiskeli. Nikadhani una mwanamke, mke wa fundi baiskeli."

Baba akacheka, au alikohoa. Mimi nilibaki nje ya pazia na neno moja tu: kupunguzwa. Nilijua kupunguza sukari kwenye chai, na kupunguza miche iliyosongamana bustanini. Asubuhi baba alipotoka chumbani, Jumapili, amevaa shati, nilimchunguza kuanzia utosini nione wamempunguza wapi. Na kweli alionekana mdogo. Mikono ya shati ilikuwa mirefu kwake kuliko ilivyokuwa.

Jioni yake jirani mmoja akaja kumpa pole, akaeleza kwamba kampuni hairuhusu mtu kuwa nje saa za kazi. Alikuwa akizungumza habari ya mtu mwingine kabisa, lakini mimi nililichukua neno hilo nikaliunganisha na kalamu ya yule mwamuzi. Sasa nikaelewa kila kitu, nikaelewa vibaya. Mimi ndiye niliyesema hadharani kwamba baba huja shuleni saa za kazi. Yule mwamuzi akaandika. Bandari wakasoma. Wakampunguza. Kwamba neno la kupunguzwa nililisikia siku ile ile, tena kwamba lilikuwa la tangu mwanzo wa muhula, halikunisumbua. Mtoto akishajiona na hatia hatazami kalenda.

Sikumwambia mtu. Nilichofanya ni kuacha kuzungumza mbele ya baba. Nilimjibu "ndiyo baba" na "hapana baba", nikiogopa kwamba neno jingine lolote litampunguza zaidi. Naye, baba wa saa nane, hakurudi. Alifungua sehemu ya kutengeneza baiskeli Chikongola, baadaye akaongeza mashine za kukobolea na kusaga, akawa anajulikana. Tulikula. Nilisoma. Somoe alirudi kijijini kwao baada ya darasa la saba, Issa akaenda ufundi. Nyumba yetu ikawa kimya, kimya cha heshima ambacho wageni walikisifu.

Nilikuwa kidato cha tatu, likizo, nilipopeleka chakula kazini kwake. Alikuwa amepindua baiskeli, anakaza mnyororo. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Nikaweka bakuli chini, nikasema, "Baba, naomba unisamehe. Mimi ndiye niliyekufukuzisha kazi."

Aliacha kukaza. "Kazi ipi?"

"Ya bandarini. Kwa yale niliyosema ukumbini."

Alikaa chini, pale pale vumbini. Akanitaka nirudie, nikarudia, pamoja na kalamu ya mwamuzi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, kama anayemfundisha mtu kuhesabu, "Subi, walinipunguza kabla timu yenu haijachaguliwa. Kama ningekuwa na kazi, ningewezaje kuja kila siku saa nane?"

Lilikuwa swali la mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile bila kujiuliza.

"Na mimi," akasema, akijifuta mikono kwenye suruali, "nilijua umeninunia kwa sababu niligusa. Mlinikataza nikagusa. Mngeshinda, mkakosa kwa ajili yangu. Nikasema, acha, ana haki ya kuninyamazia."

Mteja mmoja alikuja kuulizia baiskeli yake. Baba akamwambia aje kesho, ingawa ilikuwa imekwisha na iko mbele yake. Tulifunga, tukarudi nyumbani pamoja mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Alitutazama tukiingia, akauliza nani amekufa.

Tukamweleza, mara mimi, mara baba, tukikatizana. Mama aliendelea kuchambua, akitoa mchanga punje kwa punje, hata tulipomaliza. Nilidhani hakusikia.

"Mimi nilidhani ninyi wawili mnanichukia," akasema hatimaye, bila kuinua macho. "Kwa kuja siku ile. Maana mlikuwa mna furaha yenu mle ndani, nikaiona kutoka mlangoni, na mimi nilipoingia ikakatika."

Baba akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akachota mchele kidogo kwenye kiganja akaanza kuchambua. Mama akamwambia anachanganya uliokwisha na ambao bado.